Pumzi za Ndama wa Zabibu

Jumamosi, 5 Julai

Saa kumi na mbili asubuhi nimekamua. Lita sita. Zabibu ametulia, amepiga teke moja tu, la mazoea. Upepo wa kipupwe umevuma tangu alfajiri na vumbi limefika mpaka kwenye chai.

Ndama amekunywa lita mbili na kuilamba ndoo. Ana siku kumi na tisa leo. Bado siamini. Zabibu alizaa madume matatu mfululizo, nami nilikwisha kata tamaa, maana ana miaka kumi na moja na meno yanamlegea. Sasa amezaa jike. Jike! Mwekundu, mwenye doa jeupe ubavuni lenye umbo la kijiko. Zabibu hatazaa tena. Kwa hiyo ukoo mzima wa ng'ombe hawa, tangu bibi yao tuliyemtoa Makutupora, pembeni mwa mashamba ya mizabibu, sasa umesimama juu ya miguu minne myembamba. Nikimwangalia nacheka peke yangu.

Jina bado. Nilimwahidi mke wangu, Mama Tumaini, kwamba akizaliwa jike atampa jina yeye. Anasema atampa akitimiza arobaini, kama mtoto wa mtu anavyotolewa nje. Mke wangu alikuwa nesi wa kliniki ya watoto mpaka alipostaafu. Hana haraka na majina.

Leo nimeziba mwanya wa mwisho wa banda la ndama kwa turubai. Pande zote nne. Upepo haupenyi hata kidogo. Kazi safi. Nimejipongeza.

Jambo dogo: alipokuwa akinywa alikohoa mara moja. Kikohozi kikavu. Labda vumbi. Naandika tu.

Jumapili, 6 Julai

Si vumbi.

Asubuhi ameacha nusu ya maziwa. Nikasema ameshiba. Baada ya ibada nimemkuta amesimama kwenye kona, sikio la kushoto limelala. Sikio moja tu. Ndama mzima masikio yake hayatulii, yanageuka kila upande. Sikio lililolala ni neno zima, ukilijua kulisoma. Pua ilikuwa na ute mwepesi, kama maji. Jicho la upande uleule lilitoa machozi.

Nimemwita Mama Tumaini. Hakumgusa. Amesimama mita mbili mbali na kutazama ubavu wake ukipanda na kushuka, huku saa ya mkononi iko mbele ya macho. Dakika nzima. Hivyo ndivyo alivyohesabu pumzi za watoto wa Ihumwa hii miaka yote: mtoto asiguswe, asilie, ahesabiwe akiwa ametulia. Ukimshika kwanza umeharibu hesabu. Mimi mwalimu wa biolojia sikuwahi kufikiri kwamba kipimo hicho kinafaa na huku.

Pumzi hamsini na sita. Ndama aliyetulia hazidi arobaini hivi.

Kisha akatoa kipimajoto kwenye mkoba wake wa kazi, akakipaka mafuta, akakiingiza nyuma. Nyuzi 40.2. Mwisho wa ndama mzima ni 39.5.

"Baba Tumaini, hii ni homa ya mapafu," amesema. Kwa sauti ileile ya kliniki.

Niseme kweli? Pamoja na hofu, nimesisimka. Tumeikamata mapema! Siku ya kwanza! Watu wengi hugundua ndama akishaanza kuhema mdomo wazi, na hapo umechelewa. Nimeandika mara moja kwenye kundi letu la wafugaji kwenye simu: "Ndama wangu ana homa ya mapafu. Naomba msaada wa haraka wa mtaalamu." Sentensi fupi, kamili. Hata nukta nimeweka.

Hakuna aliyejibu. Ajabu. Kundi lile hujibu hata picha ya kuku.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Asubuhi nimefungua geti na kukuta njia ya kwenda kwenye hori la maji tunalotumia wote imezibwa kwa matawi ya miiba. Yamepangwa vizuri, mashina upande wao, miiba upande wangu. Nimesimama hapo na ndoo mkononi kama mjinga.

Ng'ombe wa Yohana Lemanya walikuwa wakipita mbali, njia ya kando ya reli. Yohana ni jirani yangu, ana ng'ombe arobaini na zaidi. Yeye Mgogo wa hapahapa, mimi Mhehe wa Iringa, kwa hiyo ni watani, na kwa miaka yote hii hajapita hapa bila kunichokoza. Leo amesimama nyuma ya ua wa minyaa, mita kama ishirini, kofia imeshushwa.

"Mbukwenyi, Mwalimu! Usisogee!"

"Mbukwa. Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyetangaza? Ng'ombe wangu wote wanywe maji na ugonjwa ule? Nyie Wahehe mmezoea mifugo inayobweka, ng'ombe hamuwajui!"

Ule utani wa zamani kwamba sisi tunakula mbwa, lakini hakucheka. Mtani asipocheka ujue ameogopa.

Sikuelewa mpaka saa nne, Daktari Rehema, afisa mifugo wetu wa kata, aliponipigia. Alianza na shikamoo, kama kawaida yake. Kisha akauliza taratibu: "Mwalimu, uliandika homa ya mapafu. Ulimaanisha ile yenyewe?"

Ipi yenyewe?

Hapo ndipo nilipoelewa. Naandika somo hili ili nisilisahau. Hospitalini, homa ya mapafu ni nimonia, ugonjwa wa mtoto aliyepigwa na baridi. Kwa wafugaji, homa ya mapafu ni jina la ugonjwa mmoja tu: ule unaotoka kwa ng'ombe hadi ng'ombe kwa pumzi, unaomaliza boma, unaofungisha minada na kuzuia mifugo kusafiri. Neno hilo halitamkwi ovyo. Mtu analitamka akiwa ameshazika ng'ombe. Na mimi nimeliandika kwenye kundi la wafugaji, nikaweka na nukta.

Mke wangu nesi, mimi mwalimu. Nyumba nzima ya watu waliosoma, na hakuna aliyejua kwamba neno lake lina mwenzake nje ya geti.

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, ya masikio kuwaka moto.

Daktari amesema akishasikia neno hilo hana ruhusa ya kulipuuza. Asitoke mnyama, asiingie mnyama, nisichome dawa yoyote kabla hajaona. Yuko Makutupora kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, na leo ni sikukuu, hana gari. Atakuja kesho asubuhi kwa pikipiki.

Kesho. Ndama sasa ana 40.7. Pumzi sitini na nne. Ute wa pua umeanza kuwa mzito na wa njano.

Jumatatu, jioni

Amekataa maziwa kabisa.

Yohana ametupa kichupa cha dawa juu ya minyaa, kimefungwa kwenye kitambaa. "Mchome nusu bomba! Mimi sijakupa, umeokota!" Nimekitazama kwenye mwanga. Dawa imebadilika rangi, lebo imefutika. Kimekaa juani muda gani, hata yeye hajui. Amefanya wema, nimeuona. Sikumchoma.

Nimefanya kosa jingine badala yake. Nimechukua chupa ya soda, nikatia maziwa ya vuguvugu, nikaanza kumwinua ndama kichwa ili nimmiminie kooni. Hapa watu wote hufanya hivyo. Mama Tumaini amenipiga mkononi. Amenipiga kweli.

"Unataka kumzamisha? Anahema mara sitini na nne kwa dakika, atameza saa ngapi?"

Ana haki. Mnyama anayehema haraka hana nafasi ya kumeza. Ukimiminia, maziwa yanashuka mapafuni, na hapo unampa nimonia ya pili juu ya ya kwanza. Ametengeneza maji ya chumvi na sukari, kama yale ya watoto wa kuhara, akampa kwa chupa yenye chuchu, kichwa kikiwa usawa wa kawaida wa kunyonya. Ndama amenyonya kidogo. Akapumzika. Akanyonya tena kidogo. Robo lita kwa nusu saa.

Doa la kijiko linapanda na kushuka haraka mno. Nimeogopa.

Jumanne, 8 Julai

Siku kubwa! Naandika haraka kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Daktari Rehema amefika saa mbili kasoro, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amevua viatu vyake, akavaa mabuti, akayasugua kwa dawa kwenye beseni kabla ya kuvuka geti. Yohana alikuwa nyuma ya minyaa akitazama. Na wengine watatu nyuma yake.

Kwanza hakumwendea ndama. Amesimama mbali akahesabu. Mama Tumaini naye akahesabu, kimya, bila kuambiwa. Wakamaliza pamoja. "Sitini na nane," akasema mmoja. "Sitini na nane," akasema mwingine. Wakatazamana kama watu wa ukoo mmoja waliopoteana.

Kisha akapapasa chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi. Zingekuwa zimevimba, angefikiri ndigana kali, ugonjwa wa kupe, maana nao hufika mwisho ndama akahema hivihivi na kutoa povu puani. Tezi za kawaida. Akashika magoti ya mbele, yote mawili, akayakunja na kuyanyoosha.

Nikauliza, mapafu na magoti wapi na wapi?

Jibu lake limenifurahisha kuliko jambo lolote nililosikia mwaka huu. Ile homa ya mapafu yenyewe, amesema, ikimpata ndama mdogo mara nyingi haianzii kwenye mapafu. Hukaa kwenye viungo. Magoti huvimba, ndama hachechemei tu, hushindwa kuyakunja. Ndama huyu magoti yake ni membamba kama fimbo. Na Zabibu hakohoi, na hakuna ng'ombe mgeni aliyeingia hapa. Atachukua vipimo na kupeleka taarifa, lakini moyo wake umetulia.

Miaka yote niliyofundisha viungo vya mwili, nikaja kujifunza leo kwamba unaweza kuulizia mapafu kwa kushika goti!

Akanipa kifaa chake cha kusikilizia. Ameniwekea masikioni mwenyewe. Juu ya ubavu, pumzi laini, kama mtu anayepuliza chai. Chini, nyuma ya kiwiko, sauti nyingine kabisa: mikwaruzo, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Nimeusikia! Nimemwita Mama Tumaini naye asikie. Tumepokezana kile kifaa kama watoto wenye darubini.

Halafu akaniuliza: "Mwalimu, umewahi kupiga magoti humu ndani?"

Sikuelewa. Akapiga magoti kwenye sakafu ya banda, uso kwenye kimo cha ndama. Nami nikapiga. Mwanzoni hakuna kitu. Nikahesabu hadi thelathini. Macho yakaanza kuwasha. Koo likakwaruza. Kwenye sitini nilikuwa natoa machozi.

Amonia. Mkojo unaoza, mvuke wake unakaa chini, na mimi nimeuzibia njia zote nne kwa turubai. Nikisimama pua yangu iko juu, nasikia harufu kidogo tu ya banda. Ndama amelala usiku na mchana ndani yake. Mvuke ule huunguza vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, na vijidudu vinavyokaa puani siku zote bila madhara vinapata mlango. Nilimkinga na upepo nikamfungia na sumu. Mtu aliyemtia ndama huyu ugonjwa ni mimi. Sina haja ya kuzunguka.

Tumeng'oa turubai upande wa juu, pande mbili zinazotazamana. Chini tumeliacha, kimo cha mgongo wake, upepo usimpige moja kwa moja. Hewa ipite juu, yeye awe mkavu chini. Tumetoa matandiko yote na kuweka nyasi kavu, nyingi, hata miguu yake isionekane akilala.

Daktari amempima kifua kwa utepe kupata uzito, akahesabu dozi. Antibiotiki, siku tano, saa ileile. Sindano moja zaidi ya kushusha homa na maumivu. Amemwangalia mke wangu: "Mama, utachoma wewe?"

Mama Tumaini amekunja mikono ya gauni kabla swali halijaisha. Hajachoma sindano tangu astaafu. Shingoni, kwenye msuli, mara moja, ndama hakushtuka. Uso wake! Amepungua miaka ishirini.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi 40.6. Pumzi sitini na sita. Hajanywa.

Nilitarajia muujiza wa usiku mmoja. Mama Tumaini anasema dawa huchukua siku moja hadi mbili kuonyesha, na aliyezoea hushinda kwa kusubiri. Mimi sijazoea. Nimekwenda bandani mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili amenifungia mlango.

Mchana amelala kwa kifua, shingo imenyooka mbele. Hivyo ndivyo mnyama anavyotafuta hewa. Nimekaa naye. Sikufanya lolote. Nimesoma pumzi.

Saa kumi na moja jioni. Nimesikia kitu kikilamba. Nimegeuka. Analamba kifungo cha koti langu.

Nimemwita mke wangu kwa sauti ambayo nadhani imefika stesheni. 39.8! Pumzi hamsini na mbili! Amenyonya nusu lita ya maziwa bila kupumzika. Tumekaa kwenye nyasi, wazee wawili, tukacheka.

Alhamisi, 10 Julai

39.6. Pumzi arobaini na nane. Lita moja.

Daktari ameandika kwenye kundi kwamba ndama wa Mwalimu ana nimonia ya kawaida ya ndama, kwamba boma halina dalili ya ugonjwa ule mwingine, na kwamba anasubiri majibu ya vipimo. Nami nimeandika chini yake. Nimefuta mara tatu. Mwisho nimebakiza hivi: "Nilikosea neno. Nawaomba radhi wote kwa hofu niliyowapa. Ni kichomi."

Bado kimya. Miiba bado iko njiani. Nimechota maji bombani kwa ndoo, safari nane. Mgongo unauma. Nimekasirika kidogo, kisha nikakumbuka miiba ile ingekuwa halali kabisa kama neno langu lingekuwa kweli. Walifanya sawa. Kosa ni langu.

Ijumaa, 11 Julai

39.2! Pumzi arobaini! Masikio yote mawili juu. Nimeyatazama yakigeuka, moja huku, jingine kule, kwa mlio wa kila nzi.

Saa tatu Yohana amekuja kwenye minyaa. Safari hii mita tano.

"Mwalimu, naona ndama anakimbia. Basi acheni sindano, dawa mtunze, itafaa siku nyingine."

Mama Tumaini amemjibu kutoka ndani, hata hakutoka. "Yohana! Mgonjwa akipata nafuu vijidudu dhaifu ndivyo vilivyokufa. Wale wakorofi bado wamekaa. Nikiacha leo nawaachia nyumba!"

"Sawa, Sista. Sijasema kitu."

Lakini hakuondoka. Amevua kofia, akaivaa, akaivua tena. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mwalimu. Nina ndama wawili. Wana... lile neno lako."

Tangu lini?

Tangu Jumapili. Siku ileile niliyoandika. Ameona wanakohoa, ameona ujumbe wangu, akafikiri amekwisha. Akawaficha. Kama ungejulikana, ng'ombe wote arobaini wangefungiwa. Siku tano amewaficha jikoni, na usiku akaziba njia yangu kwa miiba ili mtu yeyote asidhani ugonjwa uko kwake.

Neno moja langu halikuchelewesha matibabu ya ndama mmoja tu. Limechelewesha ya watatu.

Nilimpigia daktari palepale. Hakulaumu. Amesema yuko njiani, atakagua na magoti ya hao, na ng'ombe wengine wote, lakini wakati tukimsubiri twende tukahesabu. Tumenawa kwa sabuni, tumebadili viatu. Yohana mwenyewe ameondoa miiba. Ameitoa kwa mikono mitupu, haraka.

Ndama wake wamelala kwenye tembe, ndani ya jiko, kama ndama walivyolala kwa babu zake kipindi cha baridi. Kuna joto, kweli. Kuna na moshi wa kuni unaoning'inia kutoka darini mpaka kiunoni, na mkojo sakafuni. Nimemwambia Yohana apige magoti. Amenitazama kama nimerukwa na akili.

"Mwalimu, mimi huwa napiga magoti kanisani tu."

"Leo piga na huku. Hesabu mpaka sitini."

Amefika arobaini na tatu. Ametoka nje akikohoa, machozi yanatiririka, akanishika bega. "Kumbe hawa watoto wanavuta hii?" Mkewe mlangoni amesema yeye huvuta hiyo kila siku akipika na hakuna aliyewahi kupiga magoti kwa ajili yake. Nimeliandika hilo kama alivyolisema.

Mmoja pumzi hamsini na nane. Mwingine sabini na mbili, na huyu pua yake ina ute mzito na anahema na tumbo. Wametolewa nje, kwenye kibanda cha nyasi chenye kinga ya upepo. Daktari amefika saa saba. Magoti membamba, yote manne. Ng'ombe wakubwa amewapitia mmoja mmoja mpaka jioni, hakuna anayekohoa. Sindano. Yohana amewashika, Mama Tumaini amechoma, daktari amesimama pembeni, mikono nyuma, akitabasamu.

Sijachoka namna hii tangu nisahihishe mitihani. Sijafurahi namna hii pia. Na bado yule wa sabini na mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Sindano ya tano ya ndama wetu, ya mwisho. 38.9. Ameruka teke akachafua gauni la mke wangu. Mke wangu ameshukuru Mungu kwa teke.

Wale wa Yohana: mmoja anakunywa. Wa sabini na mbili hanywi.

Jumapili, 13 Julai

Wa sabini na mbili amekufa asubuhi, kabla ya ibada. Siku tano zilikuwa nyingi mno.

Yohana hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Alasiri nimeandika kwenye kundi, safari hii kirefu, bila kujificha. Nimeandika dalili kwa lugha ya kuona na kugusa, si majina: sikio lililolala. Pua ya maji, kisha ya njano. Maziwa yaliyobaki kwenye ndoo. Pumzi zinazozidi hamsini ndama akiwa ametulia. Piga magoti, hesabu mpaka sitini. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ayapate saa zile zile anapozaliwa, maana kinga yake yote imo humo. Usimiminie kitu kooni kwa chupa ya soda. Usichome dawa usiyoijua. Usimfiche. Ukiona, mwite daktari, umwambie ulichoona, jina ataliweka yeye.

Mpaka jioni majibu kumi na tisa. Wanne wana ndama wanaokohoa. Wanne! Daktari Rehema ameandika: "Kesho nazunguka." Mama Tumaini ameuliza kama daktari anahitaji mtu wa kuhesabu.

Jumanne, 22 Julai

Majibu ya vipimo yamefika. Ile homa yenyewe haipo. Sio kwetu, sio kwa Yohana. Nimesoma ujumbe mara mbili nikaenda kuusoma kwa sauti kwenye hori la maji, mbele ya watu. Yohana amepiga kofi akasema Wahehe wakijifunza neno moja huwachukua wiki mbili.

Amecheka. Nimefarijika.

Jumamosi, 26 Julai

Upepo umepungua. Nimekamua lita tano.

Arobaini imetimia. Mama Tumaini alikuwa na jina tayari, Neema, amelitunza tangu siku ya kwanza. Asubuhi amelisema mbele ya banda, kwa utaratibu, mkono juu ya kichwa cha ndama. Ndama hakugeuka.

Yohana akapita na ng'ombe wake, njia yetu, kuelekea kwenye hori. Ndama wake aliyepona alikuwa nyuma ya mama yake. Hakusimama. Ameita tu juu ya minyaa, kama anavyoita kila siku siku hizi, na kama wanavyoita watu wote wa upande huu:

"Mapafu!"

Masikio yote mawili ya ndama wetu yamesimama. Ameinua kichwa, akajibu kwa mlio mmoja mrefu.

Mke wangu ameniangalia. Nimeangalia ndoo.

"Basi," amesema. "Ndilo."

Jioni nimekaa bandani kidogo. Nimepiga magoti, kwa mazoea. Hewa safi, harufu ya nyasi tu. Doa la kijiko linapanda, linashuka. Thelathini na mbili.